Ko! Chini ya Gari, Mama Mkwe Juu Yake

Jumatatu, 6 Machi 1978

Leo nimeogopa mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Mara zote ni gari. Nikikanyaga mafuta linasema ko! Nikiachia, kimya. Nikikanyaga tena, ko! Kama mtu yuko chini yake na nyundo.

Na wiki gani hii ya kuharibika! Jumamosi nampeleka mama mkwe, Mama Habsa, kwake Marsabit. Alikuja Isiolo kutibiwa macho. Mke wangu Shamis yuko huko kwao tangu Novemba, alipoondoka akisema amechoka kuishi na mtu wa mipango mingi. Mama Habsa ametoa hukumu. Nikimfikisha salama kwa gari langu mwenyewe, Shamis atarudi nami nyumbani kwangu Bulla Pesa, hapa Isiolo. Nikishindwa, yeye atapanda lori la Kahin na Shamis atabaki kwao. Kahin! Yule aliyemposa Shamis kabla yangu, na mpaka leo akinipita barabarani hunipigia honi huku anatabasamu.

Barabara yenyewe ni ile ya msafara. Polisi mbele, polisi nyuma, kwa sababu ya shifta, wale majambazi wa porini. Gari likiharibika njiani, msafara hausubiri. Mwenye gari hubaki porini peke yake.

Jumanne, 7 Machi

Nimemchukua Mama Habsa kutoka kliniki. Kwa desturi yetu sisi Wasomali, mtu na mama mkwe wake hawakai bega kwa bega wala hawasemezani ana kwa ana. Kwa hiyo yeye hukaa nyuma, juu ya magunia, amejifunika. Akiwa na neno humwambia Halkano, jirani yangu anayeuza mbuzi, naye huniletea. Utaratibu mzuri sana. Mimi sipendi kuambiwa mambo usoni.

Nimeendesha polepole, kama nimebeba mayai. Karibu na posta punda amesimama njiani. Nimemkwepa, nikakanyaga. Ko!

Tulipofika nyumbani Halkano alikuja dirishani na ujumbe. Mama anasema krosi ya propela imekwisha, niibadilishe leo. Nilicheka kwa nguvu. Mwanamke mwenye dawa machoni ameijuaje krosi? Ni wazi Kahin amemlisha maneno. Nikamtuma Halkano akamwambie kwamba injini yenye nguvu lazima isikike.

Jumatano, 8 Machi

Nimekwenda kwa Nakuam, fundi wa Kiturkana ambaye husikiliza gari kabla ya kulifungua. Shida ni kwamba mji mzima umenisikia nikiapa kuwa gari langu halijawahi kulala kwa fundi. Nikamwambia ni gari la rafiki yangu, liko Rapsu. Nikamwigia sauti. Akaniambia niige tena. Nikaiga. Wateja wakaanza kukusanyika. Mmoja akaomba niige gari lake pia.

Nakuam alisema inaweza kuwa bolti za injini zimelegea, au krosi, kile kiungo cha propela, chuma kirefu kinachopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Niingie chini, niitikise propela kwa mkono. Ikicheza, ni krosi. Kisha akalitazama gari langu pale nje, akasema huyo rafiki asithubutu kuvuka Archer's Post.

Nimechagua bolti za injini. Ukipewa magonjwa mawili, unachukua lile jepesi. Propela sikuitikisa. Niliogopa itacheza.

Ijumaa, 10 Machi

Baada ya swala nimeifunga injini kwa kamba ya ngozi ya ngamia, mizunguko saba. Haitikisiki hata kidogo! Nikatoka kwa furaha kulijaribu gari barabara ya Burat. Karibu na kambi ya jeshi nikakanyaga. Ko! Kubwa kuliko ya jana. Askari aliyekuwa langoni akageuka na bunduki yake. Mimi nikainua mikono yote miwili juu. Gari, likiwa halina mtu wa kulishika, likaingia mtaroni.

Aliyenivuta kutoka mtaroni ni nani? Kahin na lori lake. Akauliza kwa upole kama kesho amchukue Mama Habsa. Nikamwambia nilikuwa napima kina cha mtaro.

Mpango mpya: kesho nitajipanga moja kwa moja nyuma ya lori la Kahin. Likilia ko!, kila mtu atajua ni gari lake. Akili ya namna hii hawapewi wengi. Sijala chochote leo. Chakula hakishuki.

Jumamosi, 11 Machi

Niko hai. Niko Marsabit.

Tuliondoka kwenye kizuizi cha polisi saa moja asubuhi, mimi nyuma ya Kahin, Mama na Halkano nyuma juu ya magunia. Kila likilia ko! nilitoa kichwa nje nikapiga kelele, gari gani bovu hilo! Baada ya Archer's Halkano aligonga kioo cha nyuma. Ujumbe kutoka kwa Mama: bovu ni hili letu.

Kisha Merille. Mto mkavu, mchanga mtupu. Ng'ambo kuna ukingo mdogo wa kupanda. Nikakanyaga mpaka mwisho. Ko! Ko! Halafu chuma kikaburuta chini. Injini inanguruma, gari limesimama. Malori yakanipita moja moja. La Kahin lilikwishapotea kwenye vumbi. Nikapandisha vioo, nikafunga milango, nikalia. Naandika ukweli, daftari halina mdomo.

Mama Habsa alishuka. Akatembea mpaka katikati ya njia, akakaa chini mbele ya gari la mwisho la polisi. Sajini akamwomba aondoke. Akajibu ataondoka na gari lake. Sajini, mtu mzima mwenye mama yake pia, akatoa robo saa.

Ndipo Mama akaja kugonga kioo changu. Miaka minne ya ndoa, hajawahi kunitaja jina.

"Kulmiye! Toka! Leta spana!"

Nikatoka, macho chini kwa heshima.

"Wacha kuangalia miguu yangu. Krosi hapana iko kwa miguu yangu."

Akaniambia nifungue bolti upande wa difu, kule kati ya magurudumu ya nyuma, kisha upande wa giaboksi, nitoe propela yote, halafu nivute ile gia ndogo ili magurudumu ya mbele yavute peke yake. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba gari langu linaweza kuvuta kwa mbele! Spana ikaniangukia mara tatu. Nyuma ya kila kichaka niliona mtu. Kimoja kilikuwa na mtu kweli. Nikajitupa chini nikasoma shahada. Alikuwa mchungaji, anaomba tumbaku.

Mama Habsa alininyang'anya spana akaingia chini mwenyewe. Dakika kumi na nne. Halkano akawekewa propela mapajani, tukaondoka. Njiani Halkano alinieleza. Marehemu mzee, mumewe Mama, aliendesha malori ya jeshi katika vita vya Wazungu, na baadaye gari kama langu. Mama alikaa nyuma, juu ya propela, miaka ishirini. Kwa hiyo Jumanne alijua. Angeniambia mwenyewe siku ile ile kama si heshima.

Jumapili, 12 Machi

Mama Habsa amerudia desturi. Hanisemeshi tena. Nimeikumbuka sauti yake siku nzima, na sikuwa na mtu wa kumwambia hivyo.

Shamis ndiye aliyeleta ujumbe. Neno ni neno, tumefika, atarudi nami kwa msafara wa Jumanne. Ila gari litengenezwe kwanza. Mama amefungua sanduku la marehemu akatoa krosi mpya, imefungwa kwa kitambaa chenye grisi. Shamis alinipa kwa mikono miwili. Akasema anaiogopa ile barabara, lakini anataka kuniamini. Nampenda mke huyu. Nikaondoka kama nina haraka.

Jumatatu, 13 Machi

Nimefikiri sana. Krosi hukaa chini ya gari. Nani huinama kuitazama? Na leo sokoni nimekutana na dereva wa Moyale. Ana redio ya gari, spika kubwa kama sinia, na anatafuta krosi ya aina ile ile! Tumebadilishana papo hapo. Propela nimeirudisha na krosi ya zamani, nimeikaza kwa waya. Shemeji zangu wakiliona gari halina propela watanicheka.

Jumanne, 14 Machi

Saa moja kasorobo asubuhi. Niko kwenye foleni ya msafara. Mama Habsa amekuja kuaga, amesimama mbali, amejifunika. Ameinua mkono. Nimeinua wangu haraka nikatazama pembeni.

Shamis amepanda mbele, karibu nami. Amepaka hina. Ameniuliza kama nimefunga krosi ya baba yake. Nimesema ndiyo. Akamshukuru Mungu, akaweka mkono wake juu ya wangu.

Kutoka Marsabit ni mteremko, na kwenye mteremko nani hukanyaga mafuta? Redio nimeifungua mpaka mwisho. Gari la polisi limewasha injini. Shamis anauliza kwa nini natetemeka. Nimemwambia ni furaha.