Malalamiko Dhidi ya Mzee Unbekannt

South Beach, Durban

Kwa Mtunza Vitabu vya Ubatizo, Ujerumani

Mchungaji mheshimiwa,

Salamu katika Bwana. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa wamisionari wenu walikijua vizuri, nami naamini hamjakisahau.

Mpwa wangu Lulu, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu ananyonya, amechumbiwa na kijana wenu Torsten, fundi mitambo kule Pinetown. Kwetu Wanyakyusa binti haozwi kabla ukoo haujaulizwa. Nikauliza. Akaniletea karatasi za kanisa lenu zinazopanda hadi mwaka 1613, kwa babu yao Jobst, msaga nafaka. Hapo ndipo damu iliponichemka:

1. Baba wa Jobst ametajwa kuwa ni Unbekannt. Sijui Kijerumani, lakini jina la mtu huandikwa kwa herufi kubwa, hilo sihitaji kufundishwa. Mzee huyu hana kazi, hana kaburi, wala mke wa ndoa.

2. Mzee huyohuyo amezaa na binti wa mfinyanzi, na mjane wa mhunzi, na mpishi wa mchungaji mwenzako. Kijiji kimejaa watoto wake, nanyi mnabatiza tu.

3. Mwaka 1702 bado anazaa. Jirani yangu Agathe, Mkongo mwenye saluni, aliposikia alisema, "Eish, huyo papa iko muchawi."

4. Kama alifika 1702, nani atanihakikishia kwamba amekufa? Harusi ni Jumamosi. Akitokea mlangoni akadai meza ya wazee, nitamkalisha wapi?

Kwa hiyo ukoo wa Unbekannt ulete ng'ombe mmoja wa kuosha aibu hii, la sivyo ndoa haifungwi. Ng'ombe wa Ulaya anakubalika, mradi ana pembe.

Nisalimie wazee wa kanisa, wanakwaya, na akina Unbekannt wote waliobaki, maana najua ni wengi.

Wako katika imani,
Ambokile Mwaisemba, mjomba wa bibi harusi

N.B. Kabla sijaituma barua hii nilimwomba Lulu amtafsirie Torsten. Torsten akaeleza kwa adabu kwamba neno hilo maana yake ni "hajulikani". Lulu, aliyekuwa akicheka tangu namba moja, akaenda kuleta cheti chake cha kuzaliwa. Mahali pa baba pana kistari tu. Imeniuma sana. Basi ndoa ifungwe, na ng'ombe nitamtoa mimi. Na pale kwa Jobst, kama wino bado upo, futeni hilo neno muandike Ambokile. Kazi hiyo nimeshaizoea.