Zawadi ya Bi Somoe Ilivyopanda Guta

Leo nimeadhirika mbele ya watu, mbele ya pilau na mbele ya mkurugenzi. Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa habari na wenzangu, ambao nawajua kwa kutia chumvi. (Safari hii hata chumvi haihitajiki.)

Mnaonifahamu mnajua nafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ofisi yetu ipo Temeke. Kazi yenyewe ni karatasi. Tunaambiwa siku hizi mambo yote ni mtandaoni, na kweli tunayafanya mtandaoni, halafu tunayachapa. Mwaka huu mkurugenzi wetu, Mzee Murtaza, mtu ambaye hata mfuko wa zawadi anaukunja na kuutia mfukoni, akasema karatasi zilizotumika zisitupwe tena. Zikusanywe, zikarejelezwe. Atafutwe mtu wa kusimamia.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kusema. Nikawa Mwenyekiti wa Karatasi.

Cheo hakina mshahara, lakini nilikivaa kikanikaa. Nilichukua yale maboksi yanayokuja na karatasi za kuchapia, nikaweka moja chini ya kila meza. Nikabandika tangazo ukutani: karatasi tu, kavu, safi, chakula marufuku. Nikawa napita meza kwa meza kukagua. Wiki iliyopita nilimkuta Rehema wa mapokezi ametupa ganda la ndizi kwenye boksi lake. Nilimsema mbele ya wateja. Nikamwambia mtu mmoja asiyejali anaweza kuiangusha ofisi nzima. (Hiyo sentensi ishikeni. Rehema aliishika.)

Karatasi zetu anazichukua Issa, baba mmoja wa Tandika mwenye guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu yenye kichanja cha mizigo. Hatupi hela. Anapima kwa mzani wake, halafu anatuachia bando za tishu za chooni kulingana na uzito. Issa ni mpole, anasalimia vizuri, ila kwenye mzani hana ndugu. Ameshauziwa karatasi zilizomwagiwa maji ziongeze uzito. Ameshauziwa mawe yaliyofungwa na magazeti. Siku ya kwanza nilimshika bega nikamwambia hapa amefika kwa watu waaminifu.

Sasa, leo Bi Somoe alikuwa anastaafu.

Huyu ni mkuu wetu wa nyaraka, na ndiye aliyenifundisha kazi. Mama yangu mzazi alipofariki, Bi Somoe alipanda basi na mimi hadi Songea, akalala kwenye mkeka na wanawake wa kwetu kana kwamba kazaliwa pale. Nampenda yule mama, niseme tu ukweli. Kwa hiyo ilipofika habari ya zawadi ya kumuaga niliomba niachiwe mimi. Sikuomba, nilibembeleza.

Baba yake alikuwa mchongaji huko Newala. Bi Somoe aliwahi kutuambia kwamba kazi zote za mzee ziliuzwa, na nyumbani haikubaki hata moja ya kumkumbuka. Basi tukachanga, nikaenda Mwenge kwa mchongaji mmoja mtulivu, nikampa picha. Akanichongea mama wa mpingo ameketi, miwani puani, mkononi ameshika mhuri. Ni Bi Somoe mtupu. Nilitaka siku ya leo aifungue, ajue tulikuwa tunamsikiliza miaka yote ile. Hilo tu ndilo nililolitaka.

Tukabaki na suala la kufunga zawadi. Rehema alitaka karatasi ya kung'aa na utepe. Nikakataa. Tutahubirije kurejeleza taka halafu tununue karatasi ya kuchanwa siku hiyo hiyo? Nikaiweka sanamu kwenye boksi la karatasi za kuchapia, nikaizungushia nyuzinyuzi za karatasi kutoka kwenye mashine ya kukatia, nikaliziba kwa utepe wa gundi. Rehema akasema basi liandike hata jina. Nikamjibu kwamba kuandika kunaharibu boksi, halitatumika tena. Nikalisukuma chini ya meza yangu.

Chini ya meza yangu palikuwa na boksi langu la taka. Nalo lilikuwa boksi la karatasi za kuchapia. Nalo nilikuwa nimelifunga kwa utepe, tayari kwa Issa.

Mmeshaelewa. Mie ndiye ambaye sikuelewa.

Leo asubuhi Issa kaja mapema. Wenzangu wakawa wanatoa maboksi yao, nami nikainama nikatoa la kwangu, maana kiongozi huonyesha mfano. Lilikuwa zito. Lilinivuta mgongo. Na badala ya kushtuka, nilijisikia fahari. Nikajisemea kumbe nimerejeleza namna hii. (Akili zangu ndivyo zilivyo, nimeshazizoea.)

Issa akaliweka kwenye mzani, akautazama mzani, akanitazama mimi.

"Mwenyekiti, hili mbona zito kuliko wenzake?"

"Hizo ni karatasi za gramu themanini," nikamwambia. "Siyo hizi za madaftari ulizozoea."

Akautazama mzani tena. Halafu akashusha bando la tishu la ziada, akapandisha boksi kwenye guta, akaondoka. Nilimpungia mkono. Nimempungia mkono Bi Somoe wa mpingo akienda zake Tandika.

Saa sita sherehe ikaanza, uani, chini ya turubai. Ikagundulika hakuna aliyekumbuka kununua tishu za mezani. Nikasema msihofu, zipo. Nikafungua yale mabando ya Issa, nikasimamisha roli moja katikati ya kila meza, na nikatumia nafasi hiyo kueleza kwamba hata mdomo tunaoufuta leo tunaufuta kwa jasho la karatasi zetu. Mzee Murtaza alipiga makofi. Nilikuwa juu sana wakati huo.

Pilau likaliwa. Hotuba zikatolewa. Rehema alikuwa anarekodi na simu. Ikafika zamu yangu, nikasema mambo mengi mazuri kuhusu Bi Somoe na mengine mengi kuhusu mimi. Nikamalizia kwa kusema kwenye ofisi hii, chini ya usimamizi wangu, hakuna kinachopotea. Nikaenda kuchukua boksi. Safari hii lilikuwa jepesi. Nikajisemea furaha inatia nguvu.

Nikapiga goti, nikamkabidhi. Bi Somoe akachana utepe taratibu, kama mtu anayetaka siku isiishe. Akaingiza mkono.

Akatoa karatasi. Akaiweka pembeni, akidhani ni za kuzuia zawadi isivunjike. Akatoa nyingine. Akatoa mrija wa juisi. Akatoa ganda la chungwa lililokauka. Watu wakaanza kusogeza viti. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatafuta, akapata kitu, akakitoa mbele ya mkurugenzi, wafanyakazi na simu ya Rehema.

Kichwa cha kibua.

(Juzi kazi zilikuwa nyingi, nikala samaki mezani. Chini palikuwa na boksi. Mimi ni binadamu.)

Rehema, bila kushusha simu, akauliza kwa sauti ya upole kabisa hilo lilikuwa boksi la nani. Jibu kila mtu alilijua. Akaongeza kwamba aliwahi kuambiwa na kiongozi mmoja kuwa mtu mmoja asiyejali anaweza kuiangusha ofisi nzima. Mzee Murtaza akanitazama mimi, akamtazama kibua, akauliza kama mchango wake ndio huo.

Nilibaki nimepiga goti. Siyo kwa sababu ya aibu ya samaki, hiyo ningeibeba. Ni kwamba hapo ndipo nilipokumbuka uzito wa asubuhi. Nikaona ile sanamu iko kwenye lundo fulani, au imeshatupwa, na hakuna siku nyingine ya kumuaga Bi Somoe. Machozi yakanijaa. Yeye aliniona. Akakirudisha kichwa cha kibua ndani ya boksi kwa heshima zote, akafunika.

"Asante, mwanangu," akasema. "Karatasi nitawashia jiko."

Nilikuwa natafuta pa kuanzia kueleza, mara geti likafunguliwa. Issa. Ana kiroba begani na uso wa mtu aliyekuja kwa shari. Lakini alipoona wazee akajizuia, akatoa shikamoo zote zinazostahili, meza kwa meza. Kisha akanigeukia.

"Braza, asubuhi nilikuuliza lile boksi mbona zito. Ukanijibu nini?"

"Gramu themanini," nikasema.

Akatumbukiza mkono kwenye kiroba, akatoa sanamu, akaisimamisha mezani kando ya sinia la pilau.

"Mie nimeshawekewa mawe. Nimeshawekewa mchanga. Gogo limevaa miwani, hii ndo mara ya kwanza. Naomba tishu zangu."

Kila mtu akaitazama tishu aliyoishika. Mzee Murtaza alikuwa ameshaipeleka ya kwake kwenye ndevu, akaishusha polepole. Maroli yote yalikuwa yamefunguliwa. Mengine yalikuwa na mchuzi. Mwenzangu mmoja wa ofisini alijaribu kulikunja roli lake lirudi kama lilivyokuwa.

Nilitaka kumjibu Issa, lakini Bi Somoe alikuwa ameshasimama. Aliichukua sanamu, akaigeuza chini juu, akakagua kitako chake kama mtu wa kazi hiyo, akapitisha kidole gumba begani, kwenye miwani, kwenye mhuri. Alichukua muda.

"Baba angesema masikio yamefanywa haraka haraka," akasema.

Halafu akalia. Akaikumbatia sanamu ile kifuani na miwani yake halisi ikaanguka. Nami nililia, sikatai, yupo mwenye video. Bi Somoe akanyoosha mkono bila kutazama, akavuta tishu ndefu kutoka kwenye roli la mezani, akajifuta macho.

Issa akaifuata ile tishu kwa macho, ikitoka, ikitoka.

"Hiyo nayo yangu, mama," akasema. "Ila we futa tu."

Hapo ndipo uwanja mzima ulipoangua kicheko, akiwemo Mzee Murtaza, ambaye sikuwahi kujua ana meno ya dhahabu. Issa akaelezwa, akapewa kiti na sahani, akala vizuri, na akafuta mikono kwa tishu yake mwenyewe. Alikubali kwamba siyo wizi, ni ujinga. Nilishukuru kwa uamuzi huo.

Wakati wa kuondoka nilijitolea kubeba sanamu hadi kwenye gari. Ofisi nzima ikasema hapana kwa pamoja. Akaibeba Rehema. Bi Somoe akaagiza na lile boksi la taka lipakiwe, maana zawadi haikataliwi, nikabeba hilo. Mzee Murtaza akasema papo hapo kwamba kuanzia kesho karatasi atazisimamia Rehema. Rehema akasema atajitahidi, akiniangalia.

Jioni hii nimepata ujumbe na picha kutoka Kimbiji, kwenye nyumba aliyokuwa anaijenga Bi Somoe miaka yote ile. Kwenye picha, mama wa mpingo amekaa juu ya kabati na mhuri wake, anaitazama sebule kama anataka kugonga kila kitu. Chini yake ameandika hivi: "Yeye nimemweka hapa. Karatasi zimechemsha chai. Kichwa cha kibua amekula paka. Ulisema kweli, mwanangu, hakuna kinachopotea."

Nimeusoma mara nyingi. Kilichopotea ni cheo changu tu, na hicho Rehema ameshakiokota.