Soko Huria Lafika Suji kwa Posta

Jumatatu, 8 Juni 1992

Bahasha imefika! Nimeshuka kwa miguu hadi Makanya, nikadandia lori la mkonge mpaka Same, na pale posta karani akanitolea bahasha ya kaki yenye stempu za ng'ambo. Jina limeandikwa sawasawa: Bwana Elirehema. Mwaka mzima natafuta shahada ya uchumi ya kusomea nyumbani, yenye mtazamo wa soko huria. Chuo cha kwanza kilijibu kwamba bado kinafundisha mipango ya miaka mitano. Cha pili kilitaka cheti cha kidato cha sita. Mimi nina cheti cha darasa la saba na barua ya kupunguzwa kazi duka la ushirika, nilikokuwa karani miaka kumi na minne. Hiki cha tatu hakikuuliza kitu. Somo la kwanza ni bure. Nimeshangaa kidogo watu wa soko huria kugawa vya bure, lakini nimeipokea.

Mke wangu Eliwaza ameuliza shahada hiyo itapalilia maharage lini. Nimemweleza kwamba siku hizi kila mtu ameruhusiwa kuuza na kununua, na anayeelewa uchumi halali njaa. Akasema maharage yametoa maua, na yasiponyweshwa Alhamisi tutalala njaa sisi na shahada yetu. Kweli, tangu nipunguzwe kazi tunaishi kwa shamba lile. Sikubishana. Mchumi habishani na mtu ambaye hajasoma.

Jumanne, 9 Juni

Somo lote ni Kiingereza. Nimeelewa tarehe na jina langu.

Kamusi nene hapa kwetu anayo mtu mmoja, naye ni shemeji Rogers, kaka yake Eliwaza. Aliikuta katikati ya robota la mitumba anayouza Same. Rogers hajasoma hata mstari mmoja wa uchumi, na ana viatu jozi tatu. Inaniuma. Nimemwomba aniazime. Kasema kuazimana ni mambo ya ujamaa, nitoe kitu. Nikafikiri, nikampa zamu yangu ya maji ya Alhamisi anyweshee vitunguu vyake. Maji ya ndiva, lile bwawa letu la kukingia maji ya mlimani, yamegawiwa kwa zamu tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewahi kuuza zamu. Wa kwanza ni mimi! Tumepeana mikono.

Eliwaza sijamwambia. Maharage yatangoja wiki moja. Mimi nimengoja mwaka.

Jioni nimetafsiri swali la zoezi: taja kitu kinachogawiwa bila bei unakoishi, kipe bei, kisha eleza matokeo. Nimecheka peke yangu. Zoezi nimelifanya kabla ya kulisoma!

Jumatano, 10 Juni

Baragumu limelia alfajiri. Msaragambo: kila nyumba itoe mtu akazoe tope ndivani, na nyumba isiyotoa mtu zamu yake inarukwa. Niliamka, nikashika jembe, nikakumbuka kwamba zamu si yangu tena. Ni ya Rogers, azoe Rogers. Nikarudi kitandani na kamusi. Nimetafsiri sentensi mbili. Ya pili inasema kila mtu afanye lile analoliweza zaidi. Nikavuta blanketi.

Saa mbili nikamwona Rogers akipita na furushi la mitumba, anaelekea Same. Nikamuuliza vipi, haendi msaragambo? Akasema yeye amenunua maji, tope ni la muuzaji. Nimetafuta tope kwenye kamusi, sikupata msaada.

Eliwaza hayupo tangu asubuhi. Nadhani yuko kwa mama yake.

Alhamisi, 11 Juni

Siku mbaya. Nimekwenda ndivani na Rogers. Tukamwamkia Mzee Sefania, msimamizi wa maji. Akaitika marahaba akiwa ameketi palepale mlangoni pa maji. Rogers akaeleza kwamba amenunua zamu. Mzee akauliza, kwa nani? Kwangu. Akaniuliza jana nilizoa makarai mangapi ya tope. Nikasema hata moja. Akamuuliza Rogers. Hata moja. Mzee akatikisa kichwa, akasema zamu ni ya aliyezoa tope. Huyu ameuza asichokuwa nacho na huyu amekinunua, na kwa miaka thelathini hajaona watu wawili waliopatana vizuri namna hiyo. Waliokuwapo wakacheka mpaka wakashika magoti. Faini ya kufanyia maji biashara: jogoo mmoja kila mtu. Rogers akadai kamusi yake hapo hapo. Nikampa.

Nikateremka shambani peke yangu. Mwezi mzima Eliwaza amepalilia yale maharage, nami nimeyaua kwa kamusi niliyokaa nayo siku mbili. Nilikuwa natunga la kumwambia.

Maji yalikuwa yanapita kwenye matuta. Eliwaza alikuwa katikati, sketi ameifunga juu, anayaongoza kwa jembe. Tope la jana bado limemkaukia kwenye viwiko. Jana baragumu lilipolia alinitazama nikirudi kitandani, akachukua jembe, akazoa mpaka saa nane, na zamu imewekwa kwa jina lake. Hakunigombeza. Alisema tu, Baba Irene, ziba pale juu, maji yanapotea. Nikaziba. Nimeona aibu, aibu ya kweli, na sijui kama kwenye kamusi ilikuwemo.

Jumapili, 14 Juni

Jogoo wangu ameliwa leo na waliozoa tope. Eliwaza, kwa kuwa alizoa, amepata paja. Mimi ameniletea shingo. Nimeila. Rogers alitoa jogoo mwenye mafua. Yule jamaa anaelewa biashara, lazima nikubali.

Jumatano, 17 Juni

Nimeandika zoezi, kwa Kiswahili, maana kamusi haipo. Matokeo: jaribio limefaulu. Nilitoa zamu ambayo haikuwa yangu, nikatumia kamusi siku mbili, na shamba likanyweshwa bila mimi kushika jembe. Hasara ni jogoo, naye alikuwa mzee. Ada ya somo la pili nimewaomba chuo niwalipe kwa zamu za maji za Alhamisi, mwaka mzima.

Baragumu linalia. Eliwaza amesimama mlangoni na majembe mawili, moja jipya. Amenyoosha mkono kunipa. Nimemwambia imebaki sentensi moja tu. Ameliegemeza lile jipya ukutani karibu yangu, akaenda.

Sentensi nimeipata: tangu nianze masomo, majembe ya nyumba hii yamekuwa mawili, na hili jipya linakodishwa.