Maandishi ya Kichina Mlangoni kwa Linda

Kirimi aliona Wachina wanaojenga barabara wakipita hoteli ya Linda Ekitela bila hata kugeuza shingo. Akaona pia beberu mnono amefungwa nyuma ya jiko. Mtu mwingine angeagiza chai tu. Kirimi, fundi wa mabango na wa maneno matamu, alikwenda kwake Burat akatafuta brashi, wino mweusi na katoni ya Kichina aliyoiokota jaani.

Kesho yake alirudi na karatasi ndefu yenye maandishi mazito.

"Hii ukiweka kwa mlango, madam, Mchina hawezi pita. Inasema: Karibu nyumbani, kula ushibe."

"Unataka nini?"

"Kitu kidogo tu. Huyo beberu."

Linda alikuwa amemlea kwa chupa tangu ukame ulipoua mamake. Roho ilimuuma, lakini hoteli ilikuwa inakufa. Alimfungua kamba mwenyewe, kisha akakimbilia jikoni kulia.

Kabla Kirimi hajapata mchinjaji, simu yake iliita. Alikuwa Linda.

"Kirimi! Injinia mzee wa Wachina alipita hapa, akaona karatasi yako akashika kichwa! Anasema umechanganya mwandiko wa mihuri ya wafalme na ule wa makarani wa kale, kitu mabingwa wa kwao ndio wanaweza. Anataka kunipea pikapu yake nimpe hiyo karatasi!"

"Usimpe! Nakuja!"

Tamaa, maradhi ambayo wajanja hudhani ni ya wateja peke yao, ilimpanda Kirimi hadi masikioni. Alifika na beberu juu ya pikipiki yake.

"Chukua mnyama wako, dada. Nilikuonea."

"Asante. Lakini karatasi imepanda bei. Acha pikipiki pia."

Akaacha, na funguo juu, akachukua karatasi. Akaenda kwa miguu hadi kambi ya Wachina, akijihesabu tajiri.

Injinia alikuwa akijifurahisha kama kila jioni, akiandika kwa brashi na maji kwenye sakafu ya saruji, herufi za mihuri bega kwa bega na za makarani, zikikauka na kupotea. Alisoma karatasi kwa heshima. Halafu akacheka hadi akaketi kwenye maji yake.

"Hii nasema: vigae ndani. Beba polepole."

Kirimi alirudi hotelini akitweta. "Umenidanganya!"

"Mimi?" Linda, aliyewahi kupika kambini humo na kumwona mzee akiandika na kueleza miandiko yake, alisukuma kwa mguu katoni anamowekea vikombe. Ilikuwa na maandishi yaleyale. "Niliona hii wakati natundika karatasi yako. Nimekuuzia tu kile uliniuzia."

Beberu alilia nyuma ya jiko. Linda akavuta kiti.

"Keti basi. Karibu nyumbani, kula ushibe. Lakini unalipa kwanza."