Mwewe Juu ya Bucha Yangu

Jumatatu, 6 Februari 2006

Mwewe tisa leo. Tangu saa nne wanazunguka juu ya bucha yangu, hawapigi hata bawa. Mtaa mzima wa Satellite, wamenichagua mimi! Philister wa duka la dawa alifika mlangoni, akatazama juu, akasema mwewe hazunguki bure, lazima kuna mzoga, na ukame huu watu wanauziwa ng'ombe waliojifia. Akavuka barabara kwa Makau, mshindani wangu. Nyama yangu ina mhuri wa mkaguzi! Niliuonyesha mgongo wake mhuri huo.

Nyawira amesema mauzo yasipoamka mwezi huu, bucha inakuwa saluni ya dada yake. Mke wangu hatishi mtu. Huarifu tu.

Jumanne, 7 Februari

River Road, kwa Hanif muuza rangi. Mtu wa Lamu, mpole, hujibu hata usilouliza. Mimi nililaumu mwewe, yeye akailaumu lami. Si mimi niliyeinunua kwake Desemba, nikapaka paa zima kwa sababu ya matundu mawili? Bati jeusi huchemka, na hewa iliyo juu yake hupanda. Mwewe aliyetandaza mabawa bila kuyapiga, kwa kweli anaanguka kidogo kidogo muda wote. Ila hewa ikipanda upesi kuliko anavyoanguka, anajikuta juu. Ndiyo maana anazunguka palepale, asiipoteze. Kumbe hawafuati mzoga. Wanapanda kwa moto wangu, bure.

Nimenunua rangi nyeupe, makopo matatu. Lami iliyobaki bado ninayo. Nimepata wazo. Nilitabasamu mpaka nyumbani.

Jumatano, 8 Februari

Paa langu sasa ni jeupe. Kisha nikavuka, nikamwambia Makau bati lake lina kutu, nina lami, na jirani ni jirani. Alinikazia macho, nikadhani nimeshikwa. Kumbe ni machozi. Akasema, "Waithaka, hakuna mtu amewahi nifanyia hivi." Niliona aibu nikipanda ngazi, vidato vitatu hivi. Ikapita. Nikapaka.

Ijumaa, 10 Februari

Kumi na wanne, wote juu ya Makau! Kwangu hata nzi hayupo. Nilisimama mlangoni na aproni safi nikimngoja Philister avuke. Hakuvuka. Alikuwa akiwaambia wenzake kwenye foleni kwamba mwewe si mjinga, anajua nyama freshi iko wapi. Nilimkumbusha ya Jumatatu. Akasema hayo yalikuwa ya kwangu, haya ni ya Makau. Imeniuma. Kweli imeniuma.

Jumapili, 12 Februari

Makau alikuja baada ya kanisa. Amepata oda ya ruracio, sherehe ya mahari, kule mtaa wa Jamhuri, mbuzi kumi na wawili, na hawezi peke yake. Nusu amenipa mimi, kwa sababu ya lile paa. Nyawira alimwongezea chai bila kuombwa, akanitazama kwa heshima ambayo sikuwa nimeiona miaka mingi. Saluni imeahirishwa. Nilitaka kuungama. Nikaongeza sukari.

Jumamosi, 18 Februari

Mtu hana budi kujifunza. Nimejifunza: lami huvuta wateja. Tangu alfajiri nalipaka paa langu lami upya. Makau amepeleka nyama Jamhuri, akaniachia ufunguo nimwangalizie duka hadi jioni. Anasema mimi ni zaidi ya ndugu. Mtu mzuri sana, Makau. Rangi nyeupe imebaki kopo moja, na jua la leo ni kali. Paa lake litakuwa limekauka kabla hajarudi.