Spinachi Zisizo na Tundu

Redio ndiyo iliyoanza. Asubuhi ile ilisema wataalamu wameunda mbegu ya mboga ambayo mdudu akiionja anakufa. Kabla tangazo la sabuni halijaisha, benchi la fundi viatu lilikuwa limeshagawanyika.

Mzee Taarifa, mlinzi mstaafu asiyepitwa na habari, alishikilia kwamba chakula anachokikataa mdudu si chakula. Fundi, bila kuinua macho kwenye soli, akamkumbusha kwamba mdudu huyohuyo anakula mavi. Je, na huko amfuate?

"Sikia, bwana," Taarifa akakaza. "Jani lenye tundu ni la asili. Lisilo na tundu limetoka maabara."

Aliyenywea ni Majani, muuza mboga. Spinachi zake zilikuwa safi kama zimepigwa pasi, na hazikuwa na dawa wala maabara. Mkewe huamka kabla ya jua, akapita tuta kwa tuta na kopo lake, akiokota viwavi mmoja mmoja. Lakini jana nesi anayenunua kapu zima kwa jiko la zahanati aligeuzageuza fungu, akauliza mbona halina hata alama ya jino. Akasema leo anakuja kuangalia kwa mara ya mwisho. Na Majani hakuwa na mteja mwingine wa kapu zima.

Akachukua sindano nene ya fundi, ile ya kutobolea ngozi, akainamia kapu. Fungu baada ya fungu. Taarifa akimwelekeza kwamba mdudu wa kweli huanzia pembeni, fundi akilalamika kwamba kazi hiyo wangempa mwenye ujuzi nayo.

Nesi akafika. Akainua jani, mwanga ukapenya matundu manane, yote saizi moja, yamejipanga mstari.

"Huyu mdudu wako amefundishwa kazi na fundi viatu?"

Fundi akakohoa. Majani akaanza kueleza habari za viwavi, kopo na mke. Nesi akamwambia alikuja kununua mboga, si hadithi. Alikuwa keshageuka kuondoka mke wa Majani alipotokea na fungu lililosahaulika nyumbani. Akaliona kapu. Akachomoa jani lenye matundu, akampungia mumewe usoni.

"Mgongo umeniisha kwa kuokota viwavi," akasema, "kumbe mkubwa wao nalala naye kitanda kimoja."

Nesi akamshika mikono, akavitazama vile vidole, kijani hadi ndani ya kucha. Akalipokea lile fungu zima lisilo na tundu, kisha akauliza kama anaweza kuja shambani kesho ajionee.

"Karibu, dada. Njoo saa kumi na moja alfajiri. Ila hutanikuta mimi nimeinama." Akamtupia mumewe kopo. "Utamkuta mdudu mwenyewe, anaokota wenzake."