Chaguo la Kwanza Mmelitupa kwa Baunsa

Kwa Bwana Hargis Thielen,
Meneja Mkuu, Timu ya Mpira wa Kimarekani ya Wakata Magogo.

Mheshimiwa,

Pokea heshima zangu kutoka Sheboygan, Wisconsin. Mimi ni Lorraine Kosciuk, muuza jibini, shabiki wenu kwa miaka thelathini na moja. Naandika kwa uchungu.

Alhamisi, timu zilipochagua vijana kutoka vyuoni, ninyi mlikuwa wa nne kuchagua nchi nzima. Sebule yangu ilijaa watu wakiomba mkimbiaji. Mkamchukua Tugg Ostrander, baunsa wa kilo mia na hamsini, ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya mrusha mpira ili asiangushwe! Mume wangu Verlin aliachia sahani ya soseji. "Lorraine wee," akasema, "wametuchagulia kabati!"

Malalamiko yangu ni haya:

1. Baunsa hashiki mpira. Sijaona mtoto akililia jezi ya baunsa.

2. Watu wakubwa Wisconsin hawachaguliwi, wanaokotwa. Shemeji yangu Delbert amesimama mbele ya jokofu langu tangu Krismasi na hajapita mtu. Mchukueni hata leo, nitamfungashia chakula. Nilipomwambia, alijibu, "Shemeji, mazoezi yapo?" Nikamwambia, "Yapo." Akasema, "Basi waambie goti linaniuma."

3. Mrusha mpira ana miguu. Akimbie! Mimi hukimbizwa na bata bukini kila asubuhi, na sijawahi kuomba walinzi watano.

4. Kwa hiyo mabaunsa wote waondolewe, nafasi zao wapewe wadakaji. Mrusha mpira akiangushwa, atainuka. Theluji yetu ni laini. Akivunjika, tutampelekea supu.

Nisalimie wote hapo ofisini, kuanzia bawabu hadi mfua jezi, isipokuwa aliyelitamka jina la Ostrander.

Wako mwenye hasira na adabu,
Lorraine Kosciuk (Bi.)

Nyongeza: Nimeifungua bahasha tena kwa mvuke wa birika. Simu imelia sasa hivi: mmemsajili mwanangu Corwin, ambaye hakuna timu iliyomchagua, awe mrusha mpira wenu wa akiba! Amelia, nimelia, Verlin yuko nje anawakumbatia majirani. Tafadhali usisome hayo ya juu. Huyo Tugg anapenda jibini gani? Namtumia kilo kumi. Na mwakani, Bwana Thielen, raundi ya kwanza baunsa, ya pili baunsa, ya tatu baunsa. Corwin ana mifupa dhaifu ya ukoo wa baba yake.